Neva ya vagasi: utumbo, ini na ubongo vinavyopashana habari

Kwenye TikTok na makundi ya WhatsApp zinazunguka video za watu wakizamisha uso kwenye beseni la barafu, wakisukutua maji kooni mpaka machozi yawatoke, au wakisugua nyuma ya sikio. Wote wanasema wanafanya jambo moja: "kuwasha" neva ya vagasi. Faida inayotajwa hutegemea anayezungumza anauza nini. Kwa mmoja, neva hiyo ikiwashwa msongo wa mawazo unakwisha. Kwa mwingine kitambi kinayeyuka. Wa tatu, mwenye chupa ya kijani mkononi, anakuahidi ini safi ndani ya siku saba.

Mengi ya hayo yametiwa chumvi, ila neva yenyewe si ya kubuni. Ipo, inafika kweli kwenye utumbo na kwenye ini, na katika miaka ya karibuni maabara kadhaa zimeonyesha mambo kuihusu ambayo daktari aliyesoma miaka ya tisini hakuyakuta kwenye vitabu vyake. Ndiyo sababu porojo zake zinauzika: zimeshonewa kwenye kitu cha kweli.

Kwanza tuelewane kuhusu mishipa. Mishipa ya damu ni mirija, na damu hupita ndani yake. Mishipa ya fahamu, au neva, si mirija. Ni mafungu ya nyuzi nyembamba za seli zinazopitisha ishara za umeme. Vagasi ni neva. Haibebi damu, haikusanyi mafuta, haizibi, na kwa hiyo hakuna dawa ya kuizibua wala kuisafisha. Ukikutana na tangazo linalodai hivyo, mwandishi wake hajui hata anazungumzia mshipa wa aina gani.

Neva nyingi zinazohudumia kiwiliwili hutokea kwenye uti wa mgongo. Vagasi haipiti huko. Inatoka moja kwa moja kwenye shina la ubongo, ile sehemu ya chini kabisa ya ubongo inayopakana na shingo, na katika hesabu ya jozi 12 za neva za kichwani yenyewe ni ya kumi. Ni mbili, ya kulia na ya kushoto. Zinashuka shingoni sambamba na ule mshipa mkubwa wa damu unaodunda ukibonyeza pembeni ya koo, zinaacha matawi kwenye zoloto, moyo na mapafu, zinapenya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, kisha zinatawanyika kwenye mfuko wa tumbo, ini, kongosho, utumbo mwembamba na sehemu kubwa ya mwanzo wa utumbo mpana. Tawi dogo hufika mpaka kwenye sikio, ndiyo maana wapo watu wanaokohoa kila wakisafisha sikio kwa pamba.

Jambo ambalo video zile hazilisemi ni uelekeo wa mawasiliano. Kati ya kila nyuzi 10 za vagasi, kama 8 hivi zinapeleka habari juu, kutoka viungoni kwenda ubongoni. Zinazoteremsha amri ni chache. Tumezoea kudhani ubongo unaamrisha na tumbo linatii, kumbe kwenye neva hii kazi kubwa ni ubongo kusikiliza.

Fikiria bandari, ya Dar es Salaam au ya Mombasa. Utumbo ni gati, ambako shehena inashushwa. Ini ni ghala kubwa lililo mlangoni: karibu kila kinachotoka gatini hupitia humo kwanza, kikakaguliwa, kingine kikahifadhiwa, kingine kikaruhusiwa kutoka. Ubongo ni ofisi kuu, nayo iko mbali. Ofisi hiyo ina njia mbili za kujua kinachoendelea. Ipo njia ya malori, yaani damu, ambayo hubeba mzigo wenyewe pamoja na nyaraka zake, zile kemikali tunazoziita homoni. Na ipo simu, ambayo ndiyo vagasi. Lori huchelewa barabarani. Simu hufika papo hapo. Na simu nyingi ni za karani wa bandarini akiripoti, si za mkurugenzi akigomba.

Mfano huo una kasoro moja ambayo ni heri niitaje mapema. Gati hili linajua kazi yake hata simu ikikatika. Ukuta wa utumbo una mtandao wake wa seli za neva, zinazokadiriwa kuwa milioni 100 au zaidi, na mtandao huo unaweza kusukuma chakula mbele bila kuomba ruhusa ya mtu.

Safari ya sahani moja

Chukua sahani ya wali, maharage na samaki wa kukaanga. Kabla hujameza tonge la kwanza, harufu yake imeshafika ubongoni, na hapa ni zamu ya zile nyuzi chache zinazoteremsha amri. Mfuko wa tumbo unaambiwa uandae tindikali. Tunalijua hilo kwa sababu ya Mrusi Ivan Pavlov, ambaye watu wengi wanamkumbuka kwa mate ya mbwa, ingawa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1904 alipewa kwa utafiti wake juu ya mmeng'enyo wa chakula. Aliwafanyia mbwa upasuaji ili chakula walichomeza kitokee shingoni kisifike tumboni. Walikula na kula, hakuna kilichoingia, na bado mfuko wa tumbo ukatiririsha majimaji yenye tindikali. Neva za vagasi zilipokatwa, majimaji yale hayakutoka.

Tonge likifika tumboni, simu za kwenda juu zinaanza. Nyuzi fulani za vagasi zina ncha zinazohisi mvutano: mfuko unatanuka, zinaripoti. Nyingine ziko kwenye utando wa ndani na zinahisi kemikali. Chakula kikishuka kwenye sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, mafuta ya yule samaki huamsha seli za ukutani zinazotoa homoni iitwayo kolesistokinini. Homoni hiyo hukibana kifuko cha nyongo kimwage nyongo, na papo hapo hugusa ncha za vagasi zilizo jirani. Ubongo unapata taarifa kwamba mafuta yameingia, punguza mwendo.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba seli hizo za utumbo hutoa homoni tu, basi. Mwaka 2018 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, chini ya Diego Bohórquez, lilionyesha kwa panya kwamba baadhi yake zimeungana na nyuzi za vagasi moja kwa moja, na zinapitisha ishara kwa kutumia glutamati, kemikali ileile ambayo seli za ubongo hutumia kuongea zenyewe kwa zenyewe. Sukari ikigusa utumbo, ishara inapita kwa kipimo cha milisekunde. Homoni huchukua dakika.

Ishara hizi zinatua kwenye shina la ubongo, zinapangwa, kisha zinasambazwa kwenye sehemu zinazosimamia njaa, mapigo ya moyo na hata raha ya kula. Wewe hujui lolote kati ya hayo. Unachokuja kukihisi ni shibe, au kichefuchefu kama mambo yamekwenda kombo. Maumivu ni suala jingine. Tumbo likikukata, habari hiyo husafiri zaidi kwa neva zinazoingia kwenye uti wa mgongo, si kwa vagasi. Anayekuambia usugue shingo ili vagasi ikuondolee msokoto wa tumbo amepiga simu ofisi isiyohusika.

Na je, kila kitu ni neva? Maabara ya Pavlov iliamini hivyo, na ndipo Waingereza wawili wa London, William Bayliss na Ernest Starling, walipoleta mushkeli mwaka 1902. Walikata neva zote zinazofika kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia tindikali ndani yake, na kongosho likatoa majimaji yake vilevile, kama kwamba hakuna kilichokatwa. Ujumbe ulikuwa umepita kwenye damu. Kemikali waliyoigundua, sekretini, ndiyo iliyofungua ukurasa wa homoni. Tangu hapo swali la kuuliza kila mtu anapodai tumbo limemwambia ubongo kitu ni hili: kwa simu, au kwa lori? Majibu ya maswali mengi kuhusu vagasi yamo humo.

Ini, ambalo husahaulika

Watu wengi wanaposimulia habari za vagasi hurukia kutoka tumboni hadi kichwani, ini wakaliacha njiani. Nadhani hapo ndipo penye utamu wenyewe.

Ini hupokea damu kupitia milango miwili. Kama robo hivi hutoka moyoni, imejaa oksijeni. Robo tatu zilizobaki zinatoka utumboni, zimebeba sukari, protini zilizovunjwavunjwa, pombe, dawa ulizomeza na mabaki ya bakteria. (Mafuta mengi hupitia njia ya limfu, lakini hayo tuyaache.) Kwa hiyo ini ndilo huonja ulichokula kabla moyo, misuli na ubongo havijakipata. Ingekuwa ajabu kama lisingekuwa na namna ya kupiga simu.

Namna hiyo ipo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa Japani, Akira Niijima, alianza kunasa ishara za umeme kwenye tawi la vagasi linalotoka kwenye ini la wanyama wa maabara. Sukari ilipoongezeka kwenye mshipa wa damu unaoingia kwenye ini, ishara zilipungua kasi, ilipopungua, ziliongezeka. Ghala lilikuwa likiripoti akiba iliyopo.

Mwaka 2008 watafiti wa Toronto, Kanada, walifunga mzunguko mzima. Walipitisha mafuta kidogo kwenye sehemu ya juu ya utumbo wa panya, na ini la panya wale likapunguza kutengeneza sukari. Kwa nini mafuta ya utumboni yaliambie ini lisitengeneze sukari? Kwa sababu mlo umefika, hakuna haja ya kufungua akiba. Lakini utumbo haukuliambia ini moja kwa moja. Walipotia ganzi utumboni, ini halikusikia. Walipokata vagasi inayopanda, halikusikia. Walipoacha hiyo na kukata tawi linaloshuka kwenye ini, halikusikia vilevile. Habari ilipanda ubongoni, ikageuka amri, ikashuka. Na kwa panya waliolishwa chakula chenye mafuta mengi kwa siku chache tu, mawasiliano hayo yalivurugika, mapema kabisa kabla hawajawa vibonge.

Kuna mzunguko mwingine unaozunguka kinyume. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Keio, Japani, walionyesha kwamba ini la panya huonja yanayotoka kwa bakteria wa utumboni, huripoti ubongoni kwa vagasi, na ubongo nao huteremsha ujumbe utumboni unaosaidia kudumisha seli za kinga ambazo kazi yake ni kutuliza mcharuko, yaani ile hali ya kinga ya mwili kupandwa na hasira na kuunguza hadi tishu zake yenyewe. Ripoti ya ini ilipokatwa, seli hizo za upatanishi zilipungua na utumbo mpana ukawa mwepesi kuugua.

Utafiti ulionivutia zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, uliotoka mwaka 2024. Ili kuuelewa inabidi ujue kwamba mwili hauna saa moja. Ubongo una saa kuu inayofuata mwanga wa jua, na karibu kila kiungo kina saa yake ndogo. Saa ya ini hufuata zaidi muda wa kula. Mtu akila usiku wa manane siku baada ya siku, saa ya ini huhama huku ile ya ubongo ikibaki pale pale na jua lake. Watafiti hao waliondoa protini za saa kwenye seli za ini za panya, na panya wakaanza kula zaidi wakati ambao walipaswa kupumzika. Saa ya ubongo ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni ini, na ini likahamisha ratiba ya kula ya mnyama mzima. Kisha wakakata tawi la vagasi linalopeleka habari za ini, na ulaji ukarudi kwenye ratiba. Walipofanya hivyo kwa panya walionenepeshwa kwa chakula chenye mafuta, ulaji wao pia ulirekebika na unene ukapungua kasi.

Ukisoma hilo unawakumbuka walinzi, wauguzi wa zamu ya usiku, madereva wa malori ya kwenda Tunduma na Malaba, watu ambao chapati na chai ya saa nane usiku si anasa bali ndiyo inayowafikisha asubuhi. Imejulikana kwa miaka mingi kwamba wafanyakazi wa usiku huugua kisukari na unene kuliko wenzao wa mchana. Kwa panya, angalau, tumeonyeshwa uzi mmoja wa mkasa huo: ini lililopotea saa linamwambia ubongo "njaa" wakati si wake.

Lakini nisije nami nikaingia kwenye kundi la wale wa beseni la barafu. Hao wote ni panya. Na ipo hoja moja nzito ya kutupunguza kasi: mtu akipandikizwa ini, neva za ini hilo hukatwa, na madaktari hawaziungi. Wanaunga mishipa ya damu na njia ya nyongo tu. Ini hilo linaendelea kutengeneza protini, nyongo na sukari, na mwenye nalo anaweza kuishi miongo kadhaa. Maana yake ni kwamba vagasi hurekebisha kazi ya ini, hailiendeshi.

Yapo pia magonjwa ya ini yanayofika ubongoni bila kuigusa vagasi kabisa. Mgonjwa ambaye ini limesinyaa anaweza kuanza kuchanganyikiwa, kulala mchana na kukesha usiku, mikono ikipigapiga kama mbawa akiinyoosha. Ndugu huanza kunong'ona kuhusu majini. Kinachotokea ni kwamba amonia, inayotengenezwa kwa wingi na bakteria wa utumboni, haisafishwi na ini, inaingia kwenye damu na kufika kichwani. Hilo ni lori, si simu, na ndiyo maana dawa yake ya kawaida, laktulosi, ni ya kuharisha: inainasa amonia kwenye utumbo mpana na kuitoa kwa choo.

Kwa kuwa tumelitaja ini, chupa ya kijani nayo ijibiwe. Ini ndilo linalosafisha. Halina uchafu unaosubiri kuoshwa na juisi. Linaloliua katika ukanda wetu wa Afrika Mashariki linajulikana: virusi vya homa ya ini, hasa B, ambavyo vina chanjo, pombe, mafuta yanayojikusanya ndani yake, na sumukuvu ya mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloondoka kwa kusukutua koo. Baadhi ya dawa za mitishamba zinazouzwa kwa jina la kusafisha ini ndizo zinazoliumiza.

Waliokatwa vagasi

Kabla hujaogopa kwamba vagasi yako "imelala", jua kwamba kuna kizazi kizima cha watu waliokatwa neva hiyo hospitalini kwa makusudi. Mwaka 1943 daktari wa upasuaji Lester Dragstedt wa Chicago alianza kutibu vidonda vya tumbo kwa kukata vagasi, kwa hoja ya Pavlov: hakuna vagasi, tindikali inapungua, kidonda kinapona. Upasuaji huo ulienea duniani kwa zaidi ya miaka 30. Wagonjwa waliishi. Ila tumbo lilikuwa zito kusukuma chakula, hata ikabidi madaktari wapanue mlango wa chini wa mfuko wa tumbo ili kipite, na baadhi ya wagonjwa wakaishia kuharisha na kutokwa jasho kila baada ya mlo.

Upasuaji huo ulikufa kwa sababu mbili. Zilikuja dawa za vidonge za kupunguza tindikali, na Waaustralia Robin Warren na Barry Marshall wakaonyesha kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria, *Helicobacter pylori*. Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 kuthibitisha, akaugua tumbo. Wawili hao walipata Nobel mwaka 2005. Kwetu bado kuna wanaoambiwa vidonda vyao ni vya "mawazo", wakaachwa bila kipimo cha bakteria wala dozi ya antibiotiki. Mawazo huongeza maumivu kweli, na vagasi ina mkono humo, lakini hayaondoi bakteria.

Wagonjwa wale wa zamani waliacha deni la kushangaza kwa sayansi. Rekodi za Denmark na Sweden zilipochunguzwa miaka mingi baadaye, waliokatwa shina zima la vagasi walionekana kupata ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, kwa kiwango cha chini kidogo kuliko wengine. Hilo limeipa nguvu nadharia kwamba kwa baadhi ya wagonjwa protini iliyoharibika huanzia utumboni na kupanda ubongoni kwa kufuata neva. Ni uhusiano wa takwimu, si sababu ya kumkata mtu neva.

Barafu, homoni ya furaha na mtindi

Je, maji ya barafu usoni hayafanyi kitu? Yanafanya. Baridi ya ghafla usoni hupunguza mapigo ya moyo kupitia vagasi. Ni mwitikio ule ule unaomsaidia mzamiaji kuokoa oksijeni. Kupumua polepole, pumzi ya kutoa ikiwa ndefu, nako hutuliza mapigo. Hata hospitalini, moyo ukienda mbio kwa aina fulani ya hitilafu, mgonjwa huambiwa ajikaze kama anayesukuma choo ili vagasi iurudishe. Hizi zote ni athari za moyoni, za muda mfupi. Kuzirukia kutoka hapo hadi kwenye ini au kitambi ni kuruka ngazi nzima.

Na vagasi "ikiwashwa" sana si heri. Mtu anayezirai akiona damu, au mzee anayeanguka chooni akijikamua, mara nyingi ni vagasi imeushusha moyo na presha kupita kiasi. Kusugua shingo ni hatari zaidi kwa wazee: mshipa wa damu wa pale ukiwa na utando wa mafuta, kipande kinaweza kumeguka na kumletea kiharusi.

Kuna pia lile dai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya serotonini, inayoitwa homoni ya furaha, hutengenezwa utumboni, kwa hiyo furaha iko tumboni. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili haifuati, kwa sababu serotonini ya utumboni haivuki kizuizi kinachoulinda ubongo. Ubongo hujitengenezea yake. Ile ya utumboni husukuma chakula na kugusa ncha za vagasi, na ujumbe inaoupeleka mara nyingi si furaha hata kidogo. Mgonjwa wa saratani anayetapika baada ya kutundikiwa dawa anatapika kwa sehemu kubwa kwa sababu dawa hiyo imezifanya seli za utumbo zimwage serotonini. Ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika anayopewa, huzuia ujumbe huo usipokelewe.

Vipi bakteria wa mtindi? Mwaka 2011 watafiti wa Ireland na Kanada waliwalisha panya bakteria fulani, wasiwasi wao ukapungua, na waliokatwa vagasi hawakupata nafuu hiyo. Habari ilizunguka dunia. Mwaka 2017 bakteria huyo huyo akajaribiwa kwa wanaume 29 wenye afya nchini Ireland, hakuonyesha faida yoyote juu ya msongo. Habari hii ya pili haikuzunguka popote. Maziwa mgando yaendelee kunywewa kwa sababu ni chakula kizuri.

Tiba zilizothibitishwa zipo, nazo nyingi ni za chumba cha upasuaji. Kifaa kidogo huwekwa chini ya ngozi ya kifua na waya wake kuzungushiwa vagasi ya shingoni, kwa kawaida ya kushoto. Marekani iliruhusu kitumike kwa kifafa kisichosikia dawa mwaka 1997, na kwa sonona sugu mwaka 2005. Mwaka 2025 ikaruhusu kingine kwa baridi yabisi, matunda ya kazi ya mtafiti wa Marekani Kevin Tracey na wenzake ambao tangu mwaka 2000 walionyesha kwamba kusisimua vagasi hupunguza mcharuko. Kwa unene nako walijaribu: kifaa cha kuzuia ishara za vagasi tumboni kiliruhusiwa mwaka 2015, lakini uzito uliopungua ulikuwa mdogo na hakikushika soko.

Kilichoshika soko ni sindano za kupunguza uzito za semaglutaidi na ndugu zake, ambazo sasa zinaulizwa hata kwenye maduka ya dawa ya Kariakoo na Nairobi. Zinaiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1. Ile ya asili hudumu kwenye damu dakika mbili hivi, kwa hiyo kazi yake nyingi huifanya karibu na ilikozaliwa, ikigusa ncha za vagasi. Ya sindano nusu yake bado ipo mwilini baada ya wiki moja, hivyo husafiri hadi kwenye sehemu za ubongo zisizo na kizuizi. Ndiyo sababu vyakula vinavyotangazwa kuwa "GLP-1 ya asili" haviwezi kufanya kazi ya sindano: vinapiga simu fupi, sindano inatuma malori wiki nzima.

Mwenye kisukari cha muda mrefu ana sababu yake mahsusi ya kuijua neva hii. Sukari iliyopanda kwa miaka huiharibu vagasi kama inavyoharibu neva za miguu. Mfuko wa tumbo unakuwa mvivu: anashiba kwa matonge machache, anatapika chakula alichokula jana, na sukari yake haitabiriki, kwani insulini inafika kwa wakati na chakula kinachelewa. Wengi hutibiwa kiungulia mwaka baada ya mwaka. Dalili hizo zitajwe kliniki kwa jina lake, pamoja na saa zinapotokea. Na ikiwa mtu huyo, au mwingine yeyote, anachoma sindano za jamii ya semaglutaidi na amepangiwa upasuaji, amwambie mtaalamu wa dawa ya usingizi mapema, kwa kuwa dawa hizo huchelewesha tumbo kumwaga chakula, na anaweza kufunga usiku kucha akafika kwenye meza ya upasuaji bado ana chakula tumboni kinachoweza kurudi na kuingia mapafuni.